Choo cha Mboji Ndani ya Trela ya Safari: Ushauri kwa Anayetaka Kukinunua na Kukifunga

Kila anayeniuliza anunue choo kipi cha mboji kwa ajili ya trela yake, mimi humuuliza kwanza atakuwa akimwaga wapi. Swali hilo huwashangaza wengi, kwa kuwa wamekwisha kutazama picha, bei na umbo la kiti, na wanachongojea ni nitaje jina la kampuni. Lakini baada ya mimi na mume wangu kuishi na choo cha namna hii katika safari zetu za Arizona, Utah na New Mexico, nimeridhika kwamba choo cha bei kubwa kilichofungwa kwa ustadi humchosha upesi mtu asiyejua atapeleka wapi mkojo wa kila siku na kinyesi cha kila mwezi, na cha kawaida tu humtosha aliyekwisha kulipanga jambo hilo.

Trela nyingi zinazouzwa Marekani hutoka kiwandani zikiwa na choo cha maji kinachomwaga katika tangi lililo chini ya sakafu, ambalo mara nyingi huchukua galoni 30 hadi 40, yaani lita zipatazo 115 hadi 150. Likijaa, huwa ni zaidi ya kilo 100 za uchafu ambazo gari lako halina budi kuzivuta mpaka kwenye kituo cha kumwagia. Anayelala kila usiku katika kambi yenye bomba la maji taka hana sababu ya kubadili kitu, na mimi humwambia hivyo waziwazi ili asipoteze fedha zake. Choo cha mboji kinamfaa anayepiga kambi katika ardhi ya umma, kama ile inayosimamiwa na idara ya serikali iitwayo BLM, ambako kwa kawaida unaruhusiwa kukaa hadi siku 14 mahali pamoja bila bomba wala umeme. Huko kinachokurudisha mjini ni maji kuisha au tangi kujaa, na choo kisichotumia maji huyapunguza matatizo hayo yote mawili kwa mpigo.

Ufanisi wake wote umo katika kutenganisha. Mkojo hupita mbele na kushuka katika chupa, kinyesi huanguka nyuma katika ndoo yenye kitu kikavu cha kufyonza unyevu. Harufu kali ya choo hutokana hasa na viwili hivyo kuchanganyika, na vikitengana kinachobaki ndani ya ndoo hunuka udongo mbichi zaidi kuliko kitu kingine chochote. Mtu mzima hutoa wastani wa lita moja na nusu ya mkojo kwa siku, na kinyesi gramu mia chache tu, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya kumwaga ni ya mkojo. Watu wawili wenye chupa ya lita nane watalazimika kuimwaga kila baada ya siku mbili hivi, na ndoo inaweza kuchukua wiki kadhaa. Wanaume nao lazima wakae. Hili lisemwe mapema kwa kila mgeni, tena bila aibu, kwa sababu anayesimama hulowesha ndoo na kuharibu kazi ya wote.

Kinachotiwa ndani ya ndoo kwa kawaida ni unga wa makumbi ya nazi, uliogandamizwa kuwa tofali na kuuzwa katika maduka ya bustani. Sisi tuliokulia pwani tunayajua makumbi. Wanawake wa Jambiani na Paje huyafukia katika matope ya bahari kwa miezi mingi kabla ya kuyaponda na kusokota kamba. Unga unaobaki baada ya nyuzi kutolewa, ambao zamani ulionekana kuwa taka, ndio unaosafirishwa kutoka India na Sri Lanka hadi kwenye maduka hayo ya Marekani. Mwagia tofali maji ya moto, ambayo pia huua mayai ya usubi mdogo mweusi wa udongo, kisha uache mpaka livunjike. Ukifumbata konzi ya unga huo ushikane bila kutoa hata tone. Ukidondosha maji, umezidi unyevu, na ndoo itageuka tope. Wenye mazoea ya kurusha majivu katika choo cha shimo wayaache. Majivu yanafaa katika choo ambamo kinyesi hukaushwa tu, kwa kuwa ukali wake huua vijidudu, lakini katika ndoo inayotarajiwa kuanza kuozesha huwafukuza wale viumbe wadogo tunaowahitaji na kuinua harufu ya amonia.

Sasa aina zenyewe. Vinavyofahamika zaidi ni Nature's Head na Air Head, ambavyo vyote vilibuniwa kwa ajili ya mashua, jambo ambalo ni sifa kwa sababu vimezoea kutikisika. Vina mkono wa kuzungushia pembeni unaochanganya kinyesi na unga. OGO hufanya kazi hiyo kwa mota ya umeme. Separett Villa ya Sweden haichanganyi kitu, bali hukausha kinyesi ndani ya mfuko kwa feni na kuutoa mkojo nje kwa mpira, kwa hiyo inamfaa mwenye trela inayokaa mahali pamoja miezi mingi kuliko anayehama kila wiki. Bei za vyoo hivi vikubwa huzunguka dola 1,000, nyingine chini na nyingine juu ya hapo. Mimi nilichagua cha kuzungusha kwa mkono, na ningechagua hivyo tena, kwa kuwa mota ikiharibika jangwani kilomita mia moja kutoka mjini hakuna namna ya kuichomoa isipokuwa kuingiza mikono mahali ambapo hakuna anayetaka kuiingiza.

Maelezo yanayoambatana na vyoo hivi huandikwa kwa ajili ya watu wanaotumia karatasi, ilhali kwa wengi wetu kustanji kwa maji si jambo la hiari. Maji yakiingia katika ndoo ya nyuma yanaharibu kila kitu. Huko India, ambako watu wengi hujisafisha kwa maji, vyoo vya kutenganisha hujengwa vikiwa na tundu la tatu kwa ajili ya maji hayo, lakini trela haina nafasi ya tundu hilo. Suluhisho letu lilikuwa kujifuta kwanza kwa karatasi nyembamba, ambayo huenda ndani ya ndoo, kisha kusogea kwenye sakafu ya bafu iliyo hatua moja pembeni na kujisafisha hapo kwa kopo dogo. Maji hayo hayapaswi kuhesabiwa sawa na maji ya kuoshea vyombo. Kwa hiyo tulimwomba fundi alielekeze bomba la bafu, pamoja na ule mkunjo wake unaozuia harufu, liingie katika tangi la zamani la choo badala ya tangi la maji ya kawaida, na tangi hilo humwagwa katika kituo cha maji taka tu, kamwe si ardhini.

Hiyo ni sababu ya kwanza ya kutong'oa tangi la zamani. Sababu ya pili ni sheria: katika maeneo ambayo BLM imeyatenga kwa wakaaji wa muda mrefu huko Arizona na California, trela huhesabiwa kuwa inajitegemea ikiwa ina tangi la kudumu la maji machafu lisilopungua galoni 10, na choo cha kubebeka hakitimizi sharti hilo. Ya tatu ni kwamba siku ya kuiuza trela, mnunuzi huenda akataka choo cha maji. Kihifadhi kile cha zamani pamoja na bolti zake.

Kabla ya kununua, chukua utepe na upime chooni kwako, tena usipime sakafu peke yake. Vyoo hivi vina kimo kuliko vya kawaida, vingine karibu sentimita 50 hadi kwenye kiti, na sehemu ya juu huinuliwa au kulazwa nyuma ili chupa na ndoo vitoke. Mkono wa kuzungushia nao unahitaji nafasi ya kuzunguka bila kugonga ukuta. Angalia kama mlango utafungika ukiwa umekaa, na kama kuna uvimbe wa gurudumu sakafuni. Mimi ningemshauri mtu akate boksi la karatasi ngumu kwa vipimo vya choo anachokitaka, aliweke mahali pake, na akae na hali hiyo siku chache.

Kukiondoa cha zamani si kazi kubwa. Osha tangi vizuri, funga maji, fungua nati mbili zilizo chini, nyanyua, kisha ziba mpira wa maji kwa kizibo cha kudumu na tundu la sakafuni kwa kizibo cha mpira kinachotanuka kinapokazwa. Kizibo hicho kisidharauliwe, kwa kuwa gesi ya tangi itapanda kupitia hapo na utadhani ni choo kipya kinachonuka. Choo kipya hukazwa sakafuni kwa mabano. Hakikisha skrubu zimeshika ubao na si sakafu nyembamba ya juu peke yake, maana barabara za vumbi hulegeza kila kitu.

Mahali penye kudai uangalifu zaidi ni bomba la hewa. Kifeni kidogo cha volti 12 huvuta hewa kutoka ndani ya ndoo na kuitoa nje mchana na usiku, na umeme wake ni mdogo mno, takriban ampea-saa moja na nusu hadi mbili kwa siku, kiasi ambacho paneli moja ya jua hurudisha bila shida. Kiwekee fyuzi yake ndogo na swichi isiyoweza kuguswa kwa bahati mbaya. Mpira wa hewa unaweza kupita katika ukuta, paa au sakafu. Sipendelei sakafu, kwa sababu upepo wa mwendo huweza kurudisha hewa ndani na wadudu wa ardhini hupata njia. Ukutani ni kufupi, lakini toboa kwanza kitundu chembamba kutoka ndani baada ya kuhakikisha hapapiti waya, bomba wala mhimili wa fremu, kisha ndipo upanue kutokea nje. Paani kunatoa hewa vizuri zaidi, ila kila tundu la paani ni mlango wa mvua. Tumia utepe wa butili, yaani mpira laini unaonata, chini ya kifuniko na gundi ya kuziba iliyotengenezwa kwa paa la aina yako, kwa kuwa silikoni ya kawaida haishiki sawasawa juu ya paa la mpira. Weka wavu mwembamba mwishoni mwa bomba, na uusafishe, kwani ukizibwa na vumbi hewa haitembei.

Tena kuna jambo linalofanya watu wakilaumu choo bila haki. Feni kubwa ya jikoni ikiwashwa huku madirisha yote yamefungwa, hutafuta hewa popote inapoweza kuipata, na nguvu yake hukishinda kile kifeni cha choo, hivyo hewa ya ndoo huvutwa kuja sebuleni. Fungua dirisha moja kabla ya kupika na tatizo litakwisha. Vilevile trela ikae sawa kwa kutumia pima maji, la sivyo mkojo utatiririka kuelekea nyuma.

Mkojo humwagwa katika choo cha kawaida au kituo cha maji taka, na chupa iwe tupu kila unapoanza kuvuta trela. Suuza chupa kwa siki, ambayo hupunguza harufu na kulainisha ukoko mweupe unaojijenga ndani. Usitie kamwe dawa ya klorini, kwa sababu ikikutana na mkojo hutoa mvuke wenye sumu, na katika chumba kidogo kama hicho mvuke huo ni hatari ya kweli kwa mapafu.

Kinachotoka katika ndoo baada ya wiki tatu au nne si mboji, hata kama kinafanana nayo na hakinuki. Mayai ya minyoo na vijidudu vya maradhi vingali hai humo. Acha ndoo ipumzike usiku mzima bila kutumiwa, vaa glavu, vika mfuko juu ya mdomo wake na upindue. Katika sehemu nyingi za Marekani mifuko hiyo, ikiwa miwili na imefungwa vizuri, hupokewa pamoja na takataka kama zinavyopokewa nepi za watoto, lakini sehemu nyingine zinakataza, kwa hiyo uliza katika kila kaunti. Usimwage katika vyoo vya shimo vya hifadhi, maana unga huo huwatatiza wanaokuja kuvinyonya. Mwenye kiwanja chake anaweza kuendelea kuozesha katika pipa lenye kifuniko. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 unataka kinyesi kilichokaushwa kihifadhiwe mwaka mmoja na nusu hadi miwili katika nchi za baridi, na zaidi ya mwaka mmoja mahali penye joto la nyuzi 20 hadi 35. Hata baada ya hapo sisi tunaiweka chini ya miti ya kivuli, wala haifiki kwenye mchicha.

Baridi inaposhuka chini ya nyuzi 10 hivi, kuoza hukaribia kusimama na ndoo hujaa mapema, kwa hiyo ongeza unga mkavu na umwage mara nyingi zaidi. Usiku wa barafu, usiiache chupa ikiwa imejaa, kwa maana mkojo ukiganda unaweza kuipasua. Na trela ikiwekwa kwa majira yote ya baridi, choo humwagwa, huoshwa na kuachwa wazi kikauke. Bomba za maji nyingine zote zitahitaji ile dawa ya rangi ya waridi ya kuzuia barafu, chenyewe hakihitaji.