Betri ya Matabaka Huharibikia Kingoni

Kwa miaka kadhaa nimefanya kazi katika karakana ya majaribio inayotengeneza seli za lithiamu za aina ya mfuko, yaani zile ambazo mabamba yake chanya na hasi, yaitwayo elektrodi, hupangwa moja juu ya jingine badala ya kuviringishwa kama mkeka. Nimeshughulika na seli zilizovimba, zilizopoteza volti zikiwa rafuni bila kuguswa, na nyingine zilizofaulu kila kipimo kisha zikafa baada ya wiki chache. Ushauri wangu kwa anayeanza kazi hii ni kwamba, kabla ya kuhangaika na kemia, ashughulikie kingo za mabamba.

Sababu yake ni hesabu nyepesi. Seli ya kuviringishwa ina tepe mbili ndefu za elektrodi, moja chanya na moja hasi, kwa hiyo mahali palipopita kisu ni pachache. Seli ya matabaka yenye mabamba chanya 20 na mabamba hasi 21 ina jumla ya mabamba 41, na kwa kuwa kila bamba lina pande nne, ndani ya mfuko mmoja mna kingo 164. Kila ukingo ni nafasi ya kuacha ncha ya metali, ya kumwaga vumbi la elektrodi, au ya kukaa mahali pasipo pake. Faida za upangaji wa matabaka zipo, kwani nafasi ya pembeni haipotei na mkondo wa umeme husambaa sawasawa zaidi, lakini faida hizo hulipiwa kwa kingo.

Nilijifunza jambo hili kwa gharama. Kuna mkupuo mmoja wa seli ambao sehemu yake kubwa ilikuwa ikipoteza volti polepole, na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimesoma sana kuhusu elektroliti, yaani kimiminika ambamo lithiamu husafiri kati ya mabamba, nikailaumu hiyo. Nililaumu maji, nikalaumu chumvi ya lithiamu, nikabadilisha hata chupa ya kiyeyusho, na wiki zikapita bila mabadiliko. Siku mwenzangu alipofungua seli moja na kuushika mbele ya taa utando wa kutenganisha, yaani plastiki nyembamba iliyo kati ya bamba chanya na bamba hasi, tuliona vitobo vitatu vidogo, vyote vikiwa kwenye mstari uliofuata ukingo wa bamba hasi. Kisu cha kukatia kilikuwa kimechakaa, na badala ya kukata karatasi ya shaba ya bamba hasi kilikuwa kikiirarua na kuacha vijiba, yaani ncha ndogo za metali, vilivyosimama wima. Utando tuliokuwa tukiutumia ulikuwa na unene wa mikroni 16 tu. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende, na mwiba wenyewe hapa hauonekani bila hadubini.

Tangu siku hiyo nilijiwekea kanuni mbili. Ya kwanza, kijiba chochote kinachozidi nusu ya unene wa utando ni kasoro, hata kama seli yake inapima vizuri leo. Ya pili, kisu hakisubiriwi kichakae. Huhesabiwa mikato yake, na kila baada ya idadi fulani ya mikato bamba moja huwekwa chini ya hadubini na kingo zake zote nne kutazamwa. Idadi hiyo kila mtu ataipata kwa kisu chake na kwa elektrodi zake, kwa sababu elektrodi chanya zina chembe ngumu za oksidi zinazokula chuma cha kisu haraka zaidi kuliko grafiti ya elektrodi hasi. Wapo wanaohamia kwenye leza ili kuepuka uchakavu. Leza kweli haichakai kama kisu, lakini huyeyusha, na matone ya metali yaliyoyeyuka hurukia juu ya bamba na kugandia hapo, kwa hiyo bila mfumo imara wa kufyonza moshi na matone, mtu atakuwa amebadilisha aina ya tatizo tu.

Chembe za metali zina ubaya wa namna mbili. Chembe kubwa hutoboa utando moja kwa moja. Chembe ndogo ya chuma au shaba iliyoangukia upande wa chanya huyeyuka kwa sababu ya volti ya juu iliyoko huko, husafiri ndani ya elektroliti, kisha hujijenga upya upande wa hasi kama kichaka kidogo kinachokua hadi kikavuka utando na kuleta shoti. Ndiyo maana seli yenye chembe hiyo huweza kupita kipimo cha kwanza bila dosari. Tena, chumba kikavu, ambacho hatuwezi kukikwepa kwa kuwa unyevu huharibu seli, huongeza umeme tuli, na utando wa plastiki wenye umeme tuli huvuta vumbi kutoka kila upande. Kifaa cha kupuliza hewa yenye ioni, inayoondoa umeme tuli, juu ya mashine ya kupangia kilitusaidia kuliko kufagia mara tatu kwa siku.

Baada ya kukata huja kupanga. Bamba hasi lazima liwe kubwa kuliko bamba chanya kila upande, kwa kawaida kwa takriban milimita moja, na utando uwe mkubwa kuliko yote mawili. Endapo ukingo wa chanya utachungulia nje ya ukingo wa hasi, lithiamu inayotoka hapo haitapata grafiti ya kuingia, bali itajipaka juu ya ukingo kama metali. Watu wengi hupima usahihi wa bamba moja moja na kuridhika, ilhali makosa madogo hujumlishana, na bamba la ishirini huweza kuwa limehama kiasi ambacho hakuna aliyekikusudia. Sisi tulianza kupiga eksirei pembe zote nne za kila rundo lililokamilika, na picha hizo zilionyesha kwamba rundo lilikuwa likihama upande mmoja kila liliposafirishwa kwenda kwenye kulehemu. Tatizo halikuwa mashine ya kupanga kamwe. Tulitumia utando uliopakwa gundi nyembamba, tukalibana rundo kwa joto la wastani kabla ya kuligusa, na mhamo ukaisha.

Jambo jingine dogo ni kwamba kikombe cha kufyonza cha mashine ya kupangia wakati mwingine huinua mabamba mawili yaliyogandana. Mizani inayotambua tofauti ya gramu chache inatosha kulikamata kosa hili, basi kila rundo lipimwe.

Kingo zina pia ndimi za metali, yaani vipande vinavyochomoza kutoka kwenye mabamba, zinazokusanywa na kulehemewa pamoja. Ndimi za mabamba ya nje husafiri umbali mrefu zaidi kufika kwenye kituo cha kulehemu kuliko zile za katikati, na zikivutwa bila kuachiwa ulegevu hupasuka mzizini, ambako jicho halifiki. Si jambo la kudharau. Mwaka 2021, kampuni ya General Motors ilipoyaita yarudishwe magari yote ya umeme ya Chevrolet Bolt kwa ajili ya hatari ya moto, ilieleza kwamba chanzo kilikuwa kasoro mbili adimu zilizokutana ndani ya seli moja, yaani ulimi wa elektrodi hasi uliopasuka na utando uliokunjika. Na Samsung, ilipotoa maelezo Januari 2017 kuhusu simu za Galaxy Note 7, ilitaja elektrodi hasi zilizopinda kwenye pembe ya juu ya betri za muuzaji mmoja, na vijiba vya kulehemu katika betri za mwingine. Pembe na ulehemu, yote ni mambo ya ukingoni.

Ukingo ndio mlango wa kila kitu kinachoingia na kutoka. Unyevu uliomo ndani ya rundo hauna njia nyingine ya kutokea, kwa hiyo mabamba yakaushwe kwenye ombwe, yaani mahali palipoondolewa hewa, kabla ya kupangwa, wala si baada yake tu, maana rundo zima hukauka polepole mno na joto haliwezi kupandishwa ovyo bila kuusinyaza utando. Maji yanayobaki humenyuka na chumvi ya elektroliti na kuzaa asidi ya haidrofloriki, ambayo hula elektrodi na kutoa gesi. Elektroliti nayo huingia kupitia kingo, na katikati ya bamba pana huchelewa kulowa. Tulizoea kujaza chini ya ombwe kisha kuziacha seli zitulie kwa saa nyingi mahali penye uvuguvugu kabla ya chaji ya kwanza. Wakati wa chaji hiyo gesi huzaliwa katikati ya matabaka, na usipoibana seli kwa mgandamizo ulio sawa, mapovu hubaki ndani na kuacha madoa ambayo lithiamu haiyafikii.

Kuhusu vipimo vya mwisho nitasema machache. Pima ukinzani wa rundo kwa volti ya juu kabla ya kumimina elektroliti, kwa kuwa rundo bovu likiwa kavu hupotezea kazi ndogo kuliko seli bovu iliyokamilika. Baada ya chaji ya kwanza, pima volti ya kila seli mara mbili kwa kupishana siku kadhaa, joto likiwa lilelile, kisha ulinganishe kila seli na wenzake wa mkupuo mmoja badala ya kutegemea kikomo ulichokiandika ukutani.

Nina desturi moja ambayo wenzangu waliiona upotevu wa mali hapo mwanzo. Kutoka kila mkupuo hutolewa seli moja iliyojaa chaji, ikafunguliwa ndani ya kisanduku chenye gesi ya argoni, kwa maana seli ya namna hiyo ikifunguliwa hewani yaweza kuwaka, na mabamba yake hasi yakatandazwa yote. Grafiti iliyojaa lithiamu huwa na rangi ya dhahabu. Doa jeusi katikati huonyesha mahali palipobaki pakavu au palipokaa povu, na tabaka la kijivu ling'aalo kama fedha ni lithiamu iliyojipaka juu. Lakini macho yangu huanzia pembeni, kwenye ule mstari mweusi unaoizunguka dhahabu, kwa kuwa hapo bamba hasi limezidi na halikutazamana na chanya. Mstari huo ukiwa na upana uleule pande zote nne, kuanzia bamba la kwanza hadi la mwisho, mkupuo wote huruhusiwa kuendelea.