Kiti cha dereva kinacheza nikishika breki, naweza kukifunga mwenyewe?

SWALI: Habari za kazi fundi. Nina Toyota IST ya 2004, nipo Tanga. Kiti cha dereva kinacheza, nikishika breki nasikia "tak" kinasogea mbele kidogo, nikiondoka "tak" kinarudi nyuma. Fundi wa mtaani aliweka vipande vya mpira chini ya reli, kikatulia wiki mbili halafu kimeanza tena. Naweza kufunga mwenyewe nyumbani au ni lazima niende gereji?

JIBU: Salama dada. Unaweza kabisa, vifaa vyenyewe ni vichache tu, ila kwanza hiyo mipira itoe yote. Mpira unabonyea, kwahiyo boliti haibani tena chuma kwa chuma, kila ukishika breki mpira unaminywa kidogo na boliti inazidi kulegea, ndo maana umekaa wiki mbili tu. Halafu angalia kufuli ya mkanda, ile unayochomeka pembeni ya kiuno, kwenye magari mengi ya sasa imefungwa kwenye fremu ya kiti chenyewe, sasa kiti kikilegea ujue na mkanda wako haujashika sawasawa. Kwahiyo usiliache likae.

Kosa ninaloliona sana ni mtu kuchukua spana na kukaza kila anachokiona bila kujua kinachocheza ni nini. Kiti kinaweza kucheza sehemu tatu: miguu ya reli pale inapokaa kwenye sakafu, reli ya juu ndani ya reli ya chini, au maungio ya mgongo wa kiti. Zima gari, fungua mlango, chuchumaa nje, muombe mtu akae kwenye kiti ajisukume mbele na nyuma taratibu, wewe weka ncha ya kidole nusu iwe juu ya mguu wa reli nusu iwe kwenye bati la sakafu (kapeti isogeze kwanza). Macho hayaoni mchezo wa milimita moja lakini kidole kinausikia, ngozi inavutwa huku na huku. Kama hapo pametulia, hamishia kidole pembeni ya reli pale mbili zinapokutana, kwa nje tu, usiingize kidole ndani maana lachi (kile chuma kinachoingia kwenye meno ya reli kukifunga kiti) ikirudi inakata. Kama napo pametulia na ni mgongo tu unaotikisika basi tatizo liko kwenye kifaa cha kulaza mgongo wa kiti, hicho ukishakuta kimelika meno tafuta kingine.

Ukikuta ni miguu, una bahati. Kuna boliti 4, zina vifuniko vya plastiki unavitoa kwa bisibisi bapa. Sukuma kiti nyuma kabisa uzipate za mbele, kisha kivute mbele kabisa uzipate za nyuma. Kwa Toyota ndogo nyingi ni soketi namba 14. Usikimbilie kukaza, toa moja moja uiangalie, safisha meno kwa brashi ya waya, angalia kama kuna kutu au meno yaliyolala. Ikishakuwa safi irudishe kwa mkono kwanza, zote 4 ziingie bila kulazimisha, ndo ukaze za mbele kisha za nyuma. Kipimo cha kukaza kwa nyingi ni kama Nm 37, kama huna spana ya kupimia chukulia ni sawa na kuning'iniza kilo 15 kwenye ncha ya mpini wa sentimita 25, yaani imebana vizuri ila hujaning'inia wewe mzima.

Boliti ikipotea au ikiharibika tafadhali usiende hadwea kuomba "boliti ya milimita 10" ukarudi nayo. Za Toyota mara nyingi meno yake yana hatua (umbali wa jino hadi jino) ya milimita 1.25, za hadwea nyingi ni 1.5, itaingia mizunguko miwili mitatu halafu inagoma, ukilazimisha unaua nati iliyochomelewa chini ya sakafu, na hapo kazi ya dakika kumi inageuka kazi ya kuchomelea. Nenda kwenye spea za mtumba ununue iliyotoka kwenye kiti cha gari kama yako.

Ila hiyo "tak" ya mbele na nyuma unayoielezea mara nyingi ni lachi za reli. Zipo mbili, kushoto na kulia, zinavutwa na mkono mmoja ule wa chini mbele. Moja ikikosa kuingia kwenye jino lake kiti kinashikwa upande mmoja tu na kinapinda kila ukikanyaga breki. Chukua tochi uangalie ndani ya reli, nimeshatoa humo sarafu, kifuniko cha soda, mchanga uliogandana na grisi kuukuu. Fyonza uchafu, futa kwa kitambaa, paka grisi nyeupe kidogo, sogeza kiti mwanzo mpaka mwisho mara kadhaa, kisha hakikisha pande zote mbili zinalia "klik" pamoja. Kama meno ya reli yameshalika tafuta reli nyingine, usikubali mtu achomelee reli wala atoboe sakafu matundu mapya.

Kwa kukaza tu huna haja ya kuchomoa waya wowote. Ukilazimika kukitoa kiti nje na ukaona plagi ya njano chini yake, hiyo ni ya eabegi au ya mkanda, toa ufunguo, toa waya wa hasi wa betri, subiri sekunde 90 au zaidi ndo uchomoe, na usiwashe swichi plagi ikiwa nje maana taa ya eabegi itawaka na kubaki.

Na kwa kuwa upo Tanga, hewa ya bahari inakula bati, kunja kapeti uangalie kuzunguka kila tundu. Ukikuta bati limepasuka au boliti inazunguka bila kukaza, hapo peleka gereji na usiendeshe safari ndefu. Ukikuta pazima, ukishafunga nenda sehemu tupu, spidi 20 hivi, shika breki kwa nguvu mara mbili tatu, halafu baada ya wiki zirudie boliti zote kwa spana.