Jibu: Walioaguliwa Ugiriki ya kale ni wafalme tu?

Mkuu, umeuliza kama waliokwenda kuaguliwa Ugiriki ya kale ni wafalme tu, akina Croesus wa Lidia. Hapana. Delphi, mahali pa kuagulia pa mungu Apollo, ilivuma kwa sababu ya wakubwa, lakini ukitaka shida za mtu wa kawaida, tazama Dodona, kaskazini-magharibi mwa Ugiriki, kwenye mwaloni mtakatifu wa Zeus, mungu mkuu wa Wagiriki.

Huko waakiolojia wamefukua maelfu ya vibati vyembamba vya risasi (madini, si ya bunduki). Swali lilikwaruzwa juu ya kibati, kisha kikakunjwa. Vingine vilifutwa vikatumika tena. Bana matumizi hata mbele ya mungu!

Yaliyomo ndiyo yananichekesha. Lysanias anamwuliza Zeus na mkewe Dione: mimba ya Annyla ni yangu kweli? Agis kapotelewa na mablanketi na mito, anataka kujua kama kaiba mtu wa nje. Kleotas anauliza kama kufuga kondoo kutamlipa. Wengine ni ndoa, watoto, safari.

Angalia pia wanavyouliza. Mara nyingi ni "itanifaa nikifanya hivi?" au "nimtolee sadaka mungu yupi?" Hayo hujibika kwa neno moja au jina moja. Si kama kile kitendawili cha Croesus, aliyeambiwa kule Delphi kuwa akiwashambulia Waajemi ataangusha dola kubwa, kumbe ni yake mwenyewe.

Majibu yaliyosalia Dodona ni machache mno, na la Lysanias halimo.