Mawese kwa mtoto wa miezi minane

Dada, umeuliza kama umpe mwanao wa miezi minane mawese, maana mjini wamekuambia yanaziba mishipa. Mpe, usiogope. Ule wekundu ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na mafuta yenyewe ndiyo yanayosaidia utumbo kuifyonza. Kijiko kidogo cha chai kwenye uji au kwenye dagaa waliosagwa kinatosha.

Kosa letu kubwa hapa Kigoma ni kuyachoma. Mama yangu kule Ujiji alikuwa akiyaacha jikoni mpaka moshi unajaa nyumba na mafuta yanakuwa meupe kama maji, eti harufu iondoke. Hapo karotini imeshaungua! Yapashe kidogo tu.

Hao wa mjini nao wana hoja: karibu nusu ya mawese ni yale mafuta yanayoganda, na majaribio yameonyesha yanapandisha lehemu mbaya, yaani kolesteroli inayoziba mishipa, kuliko mafuta ya mbegu kama alizeti. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta ya aina hiyo yasizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwenye chakula. Kwa hiyo shemeji, kama ana presha, maandazi ya kila asubuhi yaliyokaangwa kwa mawese ayapunguze.