Wanachekana majina

SWALI: Nafundisha PP2 (mwaka wa pili wa chekechea) hapa Nakuru, watoto 32 wa makabila mengi. Wanachekana majina, na juzi mmoja alijichora kwa kalamu ya pinki akidai nyeusi ni ya watu wabaya. Kila mwaka tuna siku ya utamaduni, wanavaa mashuka na shanga, lakini sioni ikisaidia. Nianzie wapi?
Mwalimu, Nakuru

JIBU: Anzia kwenye jina, Mwalimu. Mashuka hayo wengi hawayavai nyumbani, ila jina huitwa kila asubuhi kwenye rejista. Watumie wazazi karatasi yenye maswali mawili tu: nani alimpa mtoto jina, na kwa nini? Majibu yakirudi, wape nafasi watoto watatu kwa siku, dakika tano kila mmoja. Siku 11 umewamaliza. Watasikia kwamba Otieno ni mzaliwa wa usiku, Akinyi wa asubuhi, Kiprono wa jioni mbuzi wanaporudi, Wafula wa msimu wa mvua, Juma wa Ijumaa. Lakini usikimbilie kueleza maana kabla ya jibu la nyumbani: huyo Otieno huenda alizaliwa saa sita mchana akapewa jina la babu. Anayelelewa na watu baki muulize tu anapenda kuitwaje. Na jina ulitamke lote, sawasawa. Mwalimu akilikata kwa kuwa "ni gumu", darasa zima limepata ruhusa ya kucheka.

Kuhusu rangi, kaa na watoto watano watano, kila mmoja na kioo kidogo cha plastiki (cha kawaida kizungushie selotepu kingoni). Changanya rangi za maji: manjano vijiko viwili, nyekundu kimoja, kisha bluu tone kwa tone hadi itoke kahawia. Wengi huharibu hapo. Bluu ikimwagwa yote kwa mkupuo hutoka tope la kijani-jeusi, na mtoto yule yule atakwambia, "Si unaona?" Apake kidogo nyuma ya mkono, alinganishe, aongeze nyekundu au tone la nyeupe, kisha aipe jina mwenyewe: karanga, chai ya maziwa, kahawa. Mashindano ya nani kapendeza yazime mapema.

Akirudia kwamba nyeusi ni ya wabaya, usimkemee. Muulize, "Nani huyo mbaya, ulimwona wapi?" Mara nyingi ni katuni, na pengine picha yake imebandikwa kwenye ukuta wa darasa lako.