Akiba Inayobaki Mfukoni: Maswali Yenu Kuhusu Nguo za Watoto na Matembezi ya Familia

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu jambo moja, nalo ni namna ya kuwavisha watoto na kuwatoa nyumbani siku za mapumziko bila kuifilisi familia. Nimeyafupisha pale yalipokuwa marefu, lakini sikuibadili maana yake.

Duka moja lilitangaza punguzo la asilimia 50, kisha likaongeza punguzo la asilimia 20 kwa wanaolipa siku hiyohiyo. Nilihesabu asilimia 70, lakini kiasi nilichotozwa kilikuwa kikubwa kuliko nilivyotazamia. Je, nimepunjwa?

Hukupunjwa, ndugu yangu, ila hesabu ya namna hii huwapotosha watu wengi. Punguzo la pili halikatwi kwenye bei ya mwanzo, bali kwenye kile kilichobaki baada ya punguzo la kwanza. Chukua nguo iliyoandikwa bei ya 100: nusu ikiondoka hubaki 50, na asilimia 20 ya 50 ni 10, kwa hiyo unalipa 40, na punguzo lako halisi ni asilimia 60.

Matangazo mengine nayo yanahitaji kalamu na karatasi. “Nunua mbili, ya tatu bure” ni punguzo la theluthi moja tu, yaani asilimia 33 hivi, tena kwa yule ambaye kweli alihitaji nguo tatu. “Ya pili kwa nusu bei” ni punguzo la robo, yaani asilimia 25, endapo nguo zote mbili zina bei moja. Mtu aliyekwenda kununua shati moja akapewa punguzo la kawaida la asilimia 30 amenufaika kuliko yule aliyerudi na mashati mawili kwa tangazo hilo la pili, kwa sababu huyu wa pili ametumia fedha ambazo hakukusudia kuzitumia.

Chunguza pia bei ya mwanzo yenyewe, maana bei iliyopandishwa juzi ili ipunguzwe leo si punguzo. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Mei 2022, muuzaji anayetangaza punguzo anatakiwa kuonyesha bei ya chini kabisa aliyouzia bidhaa hiyo katika siku 30 zilizotangulia. Hata mahali pasipo na sheria ya namna hiyo, familia inaweza kujiwekea kanuni yake: ukiona kitu kikubwa unachokihitaji, kwa mfano koti au mkoba wa shule, andika bei yake kwenye daftari au ipige picha, kisha iangalie tena baada ya wiki chache. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, nami kila ninapoona tangazo lenye makeke mengi huikumbuka methali hiyo kabla sijafungua pochi.

Naomba ulishike hili moja, kwa kuwa majibu yangu yote yanayofuata yanalitegemea: punguzo lililoandikwa kwenye kibandiko si akiba. Akiba ni fedha ambayo ungelazimika kuitumia, nawe hukuitumia. Kama hukuwa na haja ya koti, koti la nusu bei limekugharimu bei yake nzima.

Nina watoto watatu: wa miezi minne, wa miaka mitano na wa miaka kumi na miwili. Nguo zinawabana kabla hazijachakaa. Ninunue kubwa kiasi gani?

Mama, jibu ni tofauti kwa kila mmoja wao, kwa sababu watoto hawakui kwa kasi moja katika umri wote. Mtoto hurefuka kwa takriban sentimita 25 katika mwaka wake wa kwanza na kama sentimita 12 katika mwaka wa pili. Kuanzia miaka mitatu hivi hadi mwanzo wa balehe kasi hiyo hutulia kwenye sentimita 5 hadi 7 kwa mwaka, kisha balehe inapofika hupanda tena, na wasichana kwa kawaida huwatangulia wavulana kwa takriban miaka miwili. Vipimo vingi vya nguo za watoto vinavyoandikwa kwa urefu wa mwili hupanda kwa sentimita sita sita: 92, 98, 104, 110, na kadhalika. Ukilinganisha hesabu hizo mbili utaona kwamba mtoto wa miaka mitano hupanda kipimo kimoja kwa mwaka, ilhali mchanga anaweza kupita vipimo vinne kabla hajatimiza mwaka.

Kwa hiyo huyo wa miezi minne usimnunulie nguo nyingi mpya za kipimo kimoja. Azima, pokea kutoka kwa jamaa, au nunua zilizotumika, kwa sababu nguo za watoto wachanga ndizo zinazotoka kwa mwenyewe zikiwa bado nzima kuliko nguo nyingine zote. Usimwekee akiba ya nguo za msimu wa mbele kwa kukisia, kwa kuwa ni vigumu kujua atakuwa na urefu gani wakati wa baridi au wa joto utakapofika.

Wa miaka mitano ndiye anayekupa nafasi nzuri ya kununua mapema. Msimu unapokwisha, wauzaji huhitaji kuondoa mzigo ili wapate pa kuweka mpya, nawe unaweza kununua sweta au kaptura ya mwaka ujao ukiongeza kipimo kimoja tu. Usiongeze viwili. Nguo inayompwaya mtoto humkera, huburutika na kuchanika kwenye pindo, na huenda akaikataa kabisa kabla haijamkaa sawasawa. Tafuta vitu vinavyoifanya nguo ikue pamoja naye: upindo mpana unaoweza kushushwa, kiuno chenye mpira unaokazwa kwa vifungo vya ndani, mikono inayokunjwa, na mishono iliyoachiwa kitambaa cha kutosha kwa ndani ili fundi aweze kuifumua na kuipanua. Gauni likimfupia linaweza kuvaliwa juu ya suruali ya kubana kwa miezi kadhaa zaidi.

Kwa wa miaka kumi na miwili, sitisha manunuzi ya mapema. Yuko kwenye umri ambao anaweza kurefuka ghafla, na suruali uliyoinunua kwa furaha wakati wa punguzo inaweza kuwa fupi kabla ya kuvaliwa. Kwake nunua kile kinachohitajika sasa, kidogo kidogo.

Jambo la mwisho, pima. Mimi hutembea na utepe wa kupimia pamoja na kikaratasi chenye urefu wa kila mtoto, mzunguko wa kiuno na urefu wa mguu kwa ndani, kwa sababu vibandiko vya “miaka 6” au “miaka 8” hutofautiana mno kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine.

Naogopa kununua mitumba kwa sababu mara mbili nimefika nyumbani nikakuta kasoro. Nikague nini?

Kagua kwa mpangilio uleule kila mara, ili msongamano usikuharakishe. Kwanza inyanyue nguo uitazame dhidi ya mwanga, kwani matundu madogo ya wadudu na sehemu zilizosagika huonekana hapo tu. Pili angalia mahali panapochakaa mapema: makwapani, kwenye kola, viwiko, magoti, na katikati ya mapaja ya suruali. Tatu vuta kidogo pande mbili za mshono. Nyuzi zikionyesha meno, mshono umechoka. Nne fungua na ufunge zipu mpaka mwisho mara mbili, kisha vuta mpira wa kiuno uone kama unarudi. Mwisho inuse, kwa kuwa harufu ya ukungu ni ngumu kuiondoa kuliko madoa mengi.

Kasoro nyingine si sababu ya kuiacha nguo, bali ni sababu ya kuomba bei ipungue. Kifungo kilichopotea, upindo uliofumuka au mshono ulioachia kwenye mstari wake ni kazi ya dakika chache kwa sindano. Kitambaa kilichochanika nje ya mshono, mpira ulioungana na kitambaa ukalegea wote, rangi iliyofifia mabegani, na zipu ya koti iliyong’oka meno ni mambo mengine, kwa maana ya kwamba gharama ya fundi inaweza kuzidi thamani ya nguo yenyewe.

Soma pia alama za kufulia zilizoshonewa kwa ndani. Beseni ni kufua, pembetatu ni dawa ya kung’arisha, mraba ni kukausha, na duara ni usafishaji wa kitaalamu. Nukta zilizo ndani ya pasi huonyesha joto: moja ni hadi nyuzi 110, mbili 150 na tatu 200. Nguo inayohitaji kupelekwa kwa dobi mtaalamu kila ikivaliwa inaendelea kukutoza baada ya kuinunua. Zile zinazostahimili joto zifue kwa maji ya nyuzi 60 kabla ya mtoto kuzivaa, kwani joto hilo huua kunguni na mayai yao. Na kama kofia ya sweta la mtoto mdogo ina kamba, ichomoe siku hiyohiyo, kwa sababu kamba ya shingoni inaweza kunasa kwenye bembea au mlangoni na kumkaba.

Na viatu vilivyovaliwa?

Kwa mtoto anayejifunza kutembea, hapana. Kiatu hujipinda kufuata mguu wa aliyekitangulia, na soli iliyolika upande mmoja humfanya mtoto akanyage vibaya. Kwa mkubwa zaidi kinafaa ikiwa soli yake haijalika na kisigino hakijalala. Pima miguu yote miwili jioni, wakati imevimba kidogo, ufuate ule mkubwa, na uache takriban sentimita moja mbele ya vidole.

Kila mara nasikia habari za punguzo au tamasha la bure likiwa limekwisha. Wenzangu wanapata wapi taarifa?

Wengi wao hawazipati kwa bahati, dada yangu, bali wamejijengea mazoea. Muulize muuzaji unayemfahamu swali moja la moja kwa moja: “Mzigo mpya unaingia lini, na wa zamani mnauondoa lini?” Mwuzaji asiyekuwa na haraka hukujibu, na kwa jibu hilo unajua siku ya kwenda kwa ajili ya kuchagua na siku ya kwenda kwa ajili ya bei. Hizo ni siku mbili tofauti. Anayetafuta kipimo adimu aende mapema. Asiyechagua sana aende wakati wauzaji wanakaribia kufunga, kwani wengi wao hupendelea kuuza kwa bei ndogo kuliko kurudisha mzigo.

Kwa shughuli za familia, ubao wa matangazo wa maktaba, wa shule na wa nyumba ya ibada hubeba mengi ambayo hayafiki kwenye matangazo ya kulipia. Ila chanzo kilicho bora kwangu ni familia nne au tano zenye watoto wa umri unaopishana, zilizokubaliana kupashana habari na kubadilishana nguo mara mbili kwa mwaka. Kila familia hufua na kukunja nguo zilizowabana watoto wake, huzitenga kwa vipimo, na kila mmoja huchukua anachohitaji bila kuhesabiana. Kinachobaki hutolewa sadaka. Hapo fedha haitoki kabisa, na mtoto anayepokea nguo ya rafiki yake mkubwa mara nyingi huivaa kwa fahari.

Tukitoka wote watano, kiingilio si kikubwa, lakini tunarudi tumetumia mara tatu ya tulichopanga. Tunakosea wapi?

Hamkosei kwenye kiingilio. Fedha hupotea kwenye usafiri, chakula, vinywaji na vitu vidogo vinavyouzwa karibu na mlango wa kutokea, vilivyopangwa kwenye kimo cha macho ya mtoto. Andikeni hesabu ya mara ya mwisho kwa mafungu hayo manne, nanyi mtaliona lililo zito. Kwa familia nyingi ni chakula, nacho hutatuliwa kwa kufungasha nyumbani, baada ya kuuliza kama mahali mnapokwenda panaruhusu. Kuhusu vitu vidogo, mpeni kila mtoto kiasi chake kabla ya kuondoka na mmweleze kwamba asichokitumia ni chake. Mtoto aliyekuwa akiomba fedha ya mzazi hubadilika anapoanza kutumia yake, na mabishano ya mlangoni hupungua sana.

Tiketi ya familia nayo ihesabuni. Mara nyingi huwa imepangwa kwa wakubwa wawili na watoto wawili, hivyo mzazi mmoja mwenye watoto wawili, au familia yenye mtoto aliye chini ya umri wa kulipiwa, inaweza kulipa zaidi kwa tiketi hiyo kuliko kwa tiketi za mmoja mmoja. Uanachama wa mwaka ugaweni kwa kiingilio cha siku moja: jibu likiwa nne, nanyi mwaka jana mlikwenda mara mbili, uachieni wengine.

Yapo pia mambo mazuri yasiyo na kiingilio. Tarehe 18 Mei ni Siku ya Kimataifa ya Makumbusho, inayoadhimishwa tangu 1977, na makumbusho mengi huwafungulia watu milango bure siku hiyo au siku zinazoikaribia. Mechi za ligi za vijana, mazoezi ya mwisho ya kwaya na maigizo, na saa za hadithi kwenye maktaba mara nyingi hukaribisha watazamaji bila malipo. Watoto wadogo hawaoni tofauti kati ya furaha iliyolipiwa na isiyolipiwa. Wanachokumbuka ni kwamba baba na mama walikuwa pale na hawakuwa na haraka.

Binti yangu wa miaka kumi na mitano anataka nguo zenye nembo tu, na anasema anachekwa. Sitaki aone haya, lakini siwezi kuzimudu.

Usiyadharau maumivu yake, kwani kuchekwa katika umri huo kunauma kweli. Ila pia usimfiche hali ya mfuko. Kaa naye, mwonyeshe kiasi ulichotenga kwa nguo zake kwa miezi sita, kisha umkabidhi akipange mwenyewe, mkikubaliana kwanza kwamba sare, nguo za ndani na viatu vya shule havikosekani. Akitaka kutumia nusu yake kwa suruali moja yenye nembo, mwache, na mgawanye pamoja bei hiyo kwa mara atakazoivaa: suruali ya bei mara tatu inayovaliwa mara 90 ni nafuu kuliko ile ya bei ndogo iliyopauka baada ya mara 20. Mara nyingine nembo hiyohiyo hupatikana kwenye mitumba, na binti aliyefundishwa kukagua mishono na zipu huwa mkali kuliko mama yake. Asipopata anachokitaka mara ya kwanza, usikimbilie kumwongezea. Mpe miezi yake sita iishe, kisha mkae tena na daftari lilelile.