Uliza Mwenyeji: Mombasa si ufuo tu

*Tunatoka Kericho, mimi, baba watoto na watoto watatu. Hakuna kati yetu aliyewahi kuona bahari. Tunakuja na SGR likizo ya Agosti na tumepata nyumba Nyali. Kila tunayemuuliza anatuambia ufuo, ufuo. Mjini kwenyewe hakuna cha kutazamwa? — Mama Watatu, Kericho*

Kipo, dadangu, na ni kingi kuliko miguu ya watoto itakavyoweza. Ufuoni mtaogelea mpaka mchoke, lakini siku ya kwanza vukeni Daraja la Nyali mje kisiwani. Mgeni anayeshinda Nyali na kurudi bara ameona bahari, Mombasa hajaiona.

Anzeni Ngomeni, yaani Fort Jesus, saa mbili asubuhi kabla jua halijawa kali. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 kwa mawe ya matumbawe, kwa ramani ya Mwitaliano aliyeitwa Giovanni Battista Cairati. Wageni wengi hukumbatia mzinga, wakapigwa picha, wakatoka. Nyinyi simameni kwanza langoni na mtazame juu. Kuna maandishi ya Kireno yanayomsifu kapteni aliyepewa ngome mwaka 1635, kijana wa miaka 27, na yanaorodhesha miji ya pwani aliyoiadhibu, Pate na Siyu ikiwamo. Majigambo yale mimi huyaona ni ya mtu aliyetishika, kwa sababu miaka minne tu kabla yake ngome hiyo hiyo ilikuwa imewaponyoka.

Aliyewapokonya ni Yusuf bin Hasan, na kisa chake wasimulieni watoto hapo hapo langoni. Babake alikuwa sultani wa Mombasa, akauawa kwa njama za Wareno mwaka 1614. Mtoto wakamchukua wakampeleka Goa, wakamlea, wakambatiza jina la Jerónimo, kisha wakamrudisha atawale kwa niaba yao. Agosti 1631 akaingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni, akarudi kwenye Uislamu na kuishika Mombasa. Wareno walileta meli kutoka Goa wakashindwa kumtoa. Mwaka uliofuata akaondoka mwenyewe kwa bahari, nao wakarudi kwenye ngome tupu. Waling'olewa kabisa na Waomani, baada ya kuzingirwa tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, na waliokufa humo ndani wengi waliuawa na maradhi. Waingereza nao walipokuja wakaigeuza gereza, kuanzia 1895 hadi 1958. Mkitaka mtu wa kuwatembeza, pataneni bei kabla hamjapiga hatua ya kwanza.

Mkitoka hapo msipande tuktuk. Shikeni Ndia Kuu kwa miguu, taratibu, mkitazama milango ya nakshi na roshani za mbao. Mtafika Msikiti wa Mandhry, uliojengwa mwaka 1570, wenye mnara mnene chini na mwembamba juu. Utazameni kutoka nje, na mabega na magoti yawe yamefunikwa; hapa ni mtaa wa watu, wanaishi, wanafua, wanalaza watoto. Ukitaka kumpiga mtu picha, muombe. Mbele kidogo ni Bandari ya Kale, ambako majahazi yalikuwa yakiingia na upepo wa kaskazi yakiwa na tende na mazulia, na kurudi na upepo wa kusi yamebeba boriti za mikoko. Sasa ni machache. Meli za chuma zilitaka kina kirefu, zikahamia Kilindini, upande wa pili wa kisiwa.

Njaa ikiwashika, viazi karai na ukwaju viko kila kona. Mahamri na mbaazi ni vya asubuhi. Anayekuuzia saa nane mchana anakuuzia kiporo.

Jioni nendeni Mama Ngina, chini ya mibuyu. Hapo ndipo lango la Kilindini, na meli za makontena hupita karibu hata mnawaona mabaharia wakitembea juu. Nunueni madafu na mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili, mkae. Watoto wenu wataisahau ngome, ile meli hawataisahau.

Na zile sanamu za pembe za ndovu za barabara ya Moi Avenue? Dakika tano, picha moja, mwendelee. Za mwanzo ziliwekwa 1952 kumlaki Binti Mfalme Elizabeth, naye hata hakufika: babake alifariki yeye akiwa huko Nyeri, akarudi kwao malkia.

*Bi, nataka kumleta mamangu, ana miaka sabini na kitu na magoti yanamsumbua. Atafaidi nini? — Kijana wa Voi*

Ngomeni usimpeleke, mwanangu. Mawe hayako sawa na kuna miinuko. Mpe Mama Ngina jioni, gari linafika karibu, na siku nyingine Haller Park kule Bamburi. Palikuwa machimbo ya mawe ya saruji, jangwa tupu, mpaka mtaalamu wa kilimo René Haller alipoanza kupanda mivinje mwaka 1971 na kuleta majongoo wayatafune majani yaliyokataa kuoza. Leo ni msitu. Mama atalisha twiga kwa mkono wake, na njia ni tambarare. Muulize kama anamkumbuka Owen, yule mtoto wa kiboko aliyepotezana na wenzake wakati wa tsunami ya 2004 akaletwa huko, akamganda kobe mzee. Kizazi chake wanakumbuka.

*Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi, nikishalipa nauli nabaki na mia tatu. Nifanye nini? — Bila Jina, Machakos*

Marahaba. Panda feri ya Likoni. Mwenda kwa miguu halipi, na hakuna pahali pengine utakapoiona bandari vizuri hivyo kwa bure. Epuka asubuhi na jioni watu wanapokwenda na kutoka kazini, mkoba uuvae mbele, na simu ikae mfukoni: kupiga picha pale hakuruhusiwi. Mia tatu yako kaile Mji wa Kale, uanze na kahawa tungu ya dele, lile birika la kahawa, na kashata.